Fahamu: Yam Kim-fai, mwanamke aliyetamba kwa kuigiza wanaume

Yam Kim-fai alikuwa mwimbaji na mwigizaji nyota wa opera ya Kikantoni, sanaa ya kusini mwa China inayochanganya uimbaji, uigizaji na mapigano ya jukwaani. Alifariki Hong Kong mwaka 1989.

Kwa nini nafasi za kiume?

Alianzia katika vikundi vya wanawake pekee, ambako hata mashujaa wa kiume waliigizwa na wanawake. Vikundi vya mchanganyiko viliporuhusiwa, hakuziacha nafasi hizo. Watazamaji, hasa akina mama, walimpenda mno.

Yam na Bak

Mwaka 1956 yeye na Bak Sheut-sin, aliyeigiza wanawake, walianzisha kikundi cha Sin Fung Ming. Mtunzi wao, Tang Ti-sheng, aliwaandikia kisa cha binti mfalme wa ukoo wa Ming na mumewe wanaokunywa sumu usiku wa harusi. Kilipanda jukwaani mwaka 1957, kikawa filamu mwaka 1959. Kwangu, hicho ndicho kilele cha kazi yao. Mwaka huohuo Tang alifariki.

Urithi

Yam alicheza filamu zaidi ya 300, akawafunza vijana. Opera ya Kikantoni iliingia katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2009.