Ukitaka Foksiglovu Kilosa, Panda Waridi la Jangwani

Tangu nianze kuleta miche ya maua hosteli, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: ile foksiglovu tunayoiona kwenye simu, yenye kengele za zambarau zilizojipanga kwenye shina refu, inaweza kuota kwetu? Kwetu ni Kilosa nilikozaliwa, na Mikumi anakokaa shangazi yangu. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina faida zaidi, maana ndani yake kuna ua jingine linaloota kwetu bila shida, halafu kuna jambo la sumu ambalo kila mwenye bustani anapaswa kulijua.

Kwa nini inagoma

Foksiglovu ni ua la Ulaya, na jina lake la Kiingereza maana yake ni glavu ya mbweha. Mwaka 1542 Mjerumani Leonhart Fuchs aliliita Digitalis, kutoka neno la Kilatini la kidole, kwa kuwa kengele yake moja inaenea kidole sawasawa. Ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hutoa majani tu, yametandaa chini. Mwaka wa pili ndipo shina hupanda, mara nyingi mita moja hadi mbili, likachanua, likatoa mbegu, na mara nyingi mmea ukafa hapo hapo.

Katikati ya miaka hiyo miwili mmea unahitaji kipindi kirefu cha baridi ili ushtuke na kutoa maua. Hapo ndipo tunapokwama. Mji wa Kilosa na mji wa Mikumi iko chini, kama mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata Julai yetu si baridi ya kushtua mmea wa Ulaya. Ukiotesha, unaweza kupata majani. Kengele usizisubiri.

Mwenye kwao milimani, kama Mgeta au Lushoto, anaweza kujaribu. Mbegu ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie: zinyunyize juu ya udongo laini, uzikandamize kidogo kwa kiganja, na uweke unyevu kwa maji ya kunyunyiza. Panda penye kivuli cha nusu siku, udongo wenye samadi iliyooza na usiotuamisha maji.

Binamu wa kazi

Sisi wa bondeni tuna waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium. Mmemwona kwa wauza maua wa barabarani: shina limevimba chini kama chupa, maua ya waridi au mekundu, majani machache. Ni mmea wa asili wa sehemu kame za Afrika na Arabuni, na Afrika Mashariki imo. Kiukoo hauhusiani na foksiglovu. Undugu wao ni wa kazi: yote miwili hutengeneza kemikali za kundi moja zinazogusa moyo wa mtu.

Kuuotesha ni rahisi ukiheshimu jambo moja: haupendi miguu yenye maji. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa bonde la Mkata, unashika maji na utauozesha. Chukua mchanga wa mtoni sehemu mbili, udongo wa kawaida sehemu moja, samadi iliyooza kabisa kidogo, na kokoto chini ya chombo. Chombo si lazima kinunuliwe. Ndoo mbovu iliyotobolewa chini inatosha, maana bumu lenyewe tunalijua.

Weka penye jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Mwagilia ukiona udongo umekauka, kisha acha. Wakati wa masika sogeza chini ya paa, mvua ya mfululizo isiulowanishe. Kuanzia Juni unaweza kupukutisha majani. Usidhani umekufa na kuanza kuumwagia maji. Umelala tu, na maji mengi wakati huo ndiyo yanayouua.

Mbegu hutoka kwenye maganda mawili marefu kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya na upepo utaondoka nayo. Mbegu mbichi huota ndani ya wiki moja hivi. Tawi nalo linashika, ukiliacha likauke jeraha kwa siku chache kabla ya kupanda, ila mara nyingi halitoi lile shina nene ambalo watu wanalilipia. Wadudu wa kuangalia ni vidung'ata na utitiri. Vidung'ata vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Na usiende kung'oa porini. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hairuhusiwi kuchukua mmea wowote, na shina lililong'olewa vibaya huoza nyumbani kwako hata hivyo.

Sumu ile ile, dawa ile ile

Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alichapisha kitabu kuhusu foksiglovu. Miaka kumi kabla yake alikuwa ameletewa dawa ya mitishamba ya bibi mmoja, mchanganyiko wa majani mengi, iliyosaidia watu waliovimba mwili kwa maji. Withering akatambua kwamba jani lililofanya kazi ni foksiglovu, kisha akatumia miaka hiyo kumi kutafuta kiwango sahihi. Kazi kubwa ilikuwa hapo, kwenye kiwango. Mwaka 1930 digoksini ilitolewa kwenye aina nyingine ya foksiglovu, na mpaka leo madaktari wanaiandika kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Afrika nayo ina hadithi yake. John Kirk, aliyekuja na Livingstone kwenye safari ya Zambezi na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alibeba sumu ya mishale pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki akahisi uchungu mdomoni, na mapigo yake ya moyo yakabadilika. Sumu ile ilitoka kwenye mmea wa Strophanthus. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia mmea wa jamii hiyo, pamoja na waridi la jangwani, kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia.

Kemikali hizi huziba pampu ndogo zinazotoa chumvi ya sodiamu kwenye seli za moyo. Pampu zikipungua kasi, kalsiamu hubaki nyingi ndani ya seli na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Zikizibwa kupita kiasi, mapigo yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Tembe ya kawaida ya digoksini ina miligramu 0.25 tu, na kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo sana.

Sasa jani halina kipimo. Hakuna ajuaye jani moja limebeba kiasi gani, na kulichemsha hakuondoi sumu.

Nalisema hili kwa sababu bibi yangu pale Kilosa anameza digoksini. Siku moja jirani alimshauri achemshe majani ya ule ua wa uzio wenye maua ya njano, eti ni dawa ya moyo. Ua lile ni oleanda ya njano, nalo limo kwenye kundi hili hili. Nikamwambia, "Bibi, hayo majani ni kama kumeza tembe zako mara ya pili, bila kujua ngapi." Akaniuliza, "Kwani wewe mjukuu wangu unasomea kilimo au udaktari?" Nikamjibu kwamba kwenye hili yote mawili yanasema kitu kimoja. Jirani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesikia nusu ya habari iliyo kweli.

Kanuni za nyumbani

Ukikata tawi, vaa glavu au mfuko wa nailoni, kisha nawa kwa sabuni na usijiguse macho. Weka chombo mahali ambapo mtoto mdogo na mbuzi hawafiki. Matawi yaliyokatwa usiyatie jikoni kama kuni, wala usichomee mishikaki. Mgonjwa wa moyo asinywe mmea wowote bila kumwambia daktari wake.

Mtu akila, dalili za kwanza huwa kichefuchefu na kutapika, kisha kulegea, na mapigo kwenda polepole au bila mpangilio. Usisubiri aone nafuu, wala usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na kipande cha mmea ndani ya mfuko ili daktari ajue anapambana na nini.

Na ninyi mnaouza miche ili kusogeza siku mpaka bumu liingie: mwambieni mnunuzi kwamba ua hili ni sumu. Mimi huandika kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito, SI LA KULIWA. Wateja wanasoma, wanauliza, nawaeleza, na bado wananunua.