Fahamu: Mikono ya wanawake ndani ya kompyuta za zamani

Wapenzi wa kompyuta za zamani, wale wanaofufua mashine za miaka ya 1980 kwa kubadilisha kapasita zilizovuja, hudhaniwa kuwa ni wanaume watupu. Si kweli.

Mtazame Jeri Ellsworth, fundi wa Marekani aliyejifunza mwenyewe kusanifu chipu. Mwaka 2004 kazi yake iliingia sokoni: Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982, imekaa yote ndani ya joistiki moja. Unachomeka waya kwenye televisheni, gemu 30 zinakusubiri. Hakunakili programu tu. Alisanifu upya sakiti na kuibana kwenye chipu moja. Waliofungua joistiki ile walikuta kwenye bodi sehemu za kulehemu nyaya za kibodi. Wakalehemu, wakapata kompyuta ya kuandikia programu.

Hata mashine za zamani zenyewe zina alama za wanawake. Kompyuta ya BBC Micro ya mwaka 1981 hutumia lugha ya programu ya BASIC iliyoandikwa na Sophie Wilson. River Raid, gemu ya Atari 2600, ni ya Carol Shaw. Ndiyo maana inaniuma msichana anayelehemu nyaya akiulizwa amemsindikiza nani.