RUZUKU HAITOLEWI KWA HURUMA PEKE YAKE

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii dawa, bali barua ya kuomba ruzuku.

Hapa Mkuyuni ziwa liko karibu, na nyumba nyingi zimejengwa juu ya mawe. Kuchimba choo kwenye mwamba ni gharama. Choo kikikosekana, kinyesi huteremka na mvua hadi ziwani, na kichocho huendelea. Dawa ya praziquantel huua minyoo mwilini, lakini mtoto akirudi katika maji yale yale huambukizwa tena. Kwa sababu hiyo kikundi chetu cha afya kiliomba fedha za kujenga vyoo.

Ombi la kwanza lilikataliwa. Tulinung'unika, kisha tukalisoma upya, tukaona makosa yetu wenyewe. Tuliahidi "kumaliza magonjwa yote". Barua ilitaja jumla moja, bajeti ikataja nyingine. Akaunti ya benki ilikuwa kwa jina la mweka hazina wetu. Wakati huo huo, mtoto tuliyemtibu alirudishwa na mama yake, akiharisha damu tena.

Mifuko hii ni nini? Mfuko wa jamii hukusanya michango ya watu wa mahali na kuigawa kwa vikundi vyenye kazi ya manufaa. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Jirani zetu wa Kenya wana Kenya Community Development Foundation tangu mwaka 1997. Hapa Tanzania, Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam ilianza kazi mwaka 2003. Huo si mfuko wa mji mmoja, lakini umetoa ruzuku kwa asasi nyingi za wananchi.

Mkitaka kuomba, zingatieni haya:

1. Usajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Wekeni tayari cheti, katiba na taarifa za mwaka. Kikundi kichanga kimwone kwanza Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

2. Tangazo. Lisomeni neno kwa neno. Mfuko unaosaidia elimu ya uraia hautajenga choo.

3. Tatizo moja. Msiandike "watu wengi wanateseka". Piteni nyumba kwa nyumba, mhesabu kaya zisizo na choo.

4. Bajeti. Ulizeni bei ya saruji, nondo na fundi. Onyesheni pia mchango wenu: mawe, mchanga, nguvu kazi. Mtu mwingine arudie kujumlisha.

5. Fedha. Akaunti iwe kwa jina la kikundi, na watia saini wasipungue wawili. Tunzeni kila stakabadhi, hata ya misumari.

6. Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa adabu, mrekebishe, muombe tena.

Sisi tumeandika upya. Safari hii tumeomba vyoo vya mtaa mmoja tu, ule tuliouhesabu kwa miguu yetu. Majibu bado hatujapata. Lakini mtoto yule anaishi mtaa huo, na tusingependa acheleweshwe tena kwa hesabu zetu mbovu. Nanyi wenye vikundi, fungueni mafaili yenu leo, kabla tangazo halijatoka.