Kuusoma Mwendo wa Punda kwa Video: Uchechemeaji wa Wanyama Kazi Kitui na Makueni

Utangulizi

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Methali hii imemjengea punda sifa ya mnyama mkaidi asiyejua fadhila. Hata hivyo, wanaoishi naye Kitui na Makueni, ambako Wakamba humwita ing'oi, wanafahamu kwamba hatari kubwa zaidi imo katika ukimya wake. Punda aliyeumia mguu mara nyingi halalamiki. Huendelea kubeba mzigo hadi siku anaposhindwa kabisa. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi picha za video, zilizotumiwa kwanza kuchunguza farasi, zinavyoweza kuyafichua maumivu hayo mapema, na pia mipaka ya mbinu hiyo.

Katika kaunti hizi mbili, mito kama Tiva na Kaiti hubaki mchanga mtupu baada ya msimu wa mvua, na maji huchotwa katika visima vya mchangani na katika mabwawa ya mchanga. Punda abebaye mitungi minne ya lita 20 huwa amebeba kilo 80 za maji. Akichechemea, mzigo huo hurudi migongoni mwa wanawake na watoto. Kumpata mwingine nako si rahisi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Kati ya sensa hizo, kuanzia mwaka 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda kwa ajili ya soko la ngozi la ng'ambo, kimojawapo kikiwa katika kaunti jirani ya Machakos.

Chimbuko la Mbinu

Mnamo mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia ya mbio. Farasi alipopita alizikata nyuzi zilizofyatua kamera moja baada ya nyingine. Picha hizo zilithibitisha kwamba farasi aendaye shoti huwa na kitambo ambapo kwato zote nne zimeondoka ardhini, tena wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, wala si wakati imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji wengi walivyozoea kuonyesha. Jicho la binadamu lilikuwa limetazama farasi kwa maelfu ya miaka bila ya kuliona jambo hilo.

Udhaifu huo wa jicho haujawaacha hata wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Kevin Keegan wa Chuo Kikuu cha Missouri pamoja na wenzake ulionyesha kwamba, pale uchechemeaji ulipokuwa mdogo, madaktari wa farasi walikubaliana takriban mara 62 tu katika kila 100 iwapo mguu fulani ulikuwa na kasoro au la.

Mwendo na Dalili Zake

Kiswahili hakikosi msamiati katika uwanja huu. Mnyama huenda telki, huenda matiti, au hutoka shoti. Na mwenye mguu mbovu huchechemea, huchopea au huguchia. Maneno haya yanatuambia kwamba pana kasoro. Anachohitaji mchunguzi zaidi ni kujua mguu gani, na katika kitambo gani cha hatua.

Mwendo wa matiti ndio ufaao zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa miguu hukanyaga kwa jozi za mshazari: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi ya pili. Kwa mnyama mzima, kichwa hupanda na kushuka kwa kiasi kilekile katika kila jozi. Mguu wa mbele ukiuma, mnyama hukiinua kichwa unapokanyaga mguu huo ili kuupunguzia uzito, kisha hukishusha unapokanyaga mguu mzima. Mguu wa nyuma ukiuma, tofauti huonekana katika kupanda na kushuka kwa nyonga za pande mbili.

Namna ya Kupiga Picha

Simu ya kawaida hunasa picha 30 kwa sekunde. Nyingine hufikia 240. Hatua ya nusu sekunde basi hutoa picha 15 au 120, na kila moja yaweza kusimamishwa na kupimwa. Programu ya Kinovea, isiyolipishwa, huwezesha kuchora pembe na kufuatilia alama iliyobandikwa mwilini. Programu nyingine za karne hii, kama ile ya kampuni ya Sleip ya Uswidi, hazihitaji alama hizo, ila zilibuniwa kwa ajili ya farasi, na punda si farasi mdogo.

Masharti ni machache. Mzigo uondolewe. Punda aongozwe juu ya ardhi ngumu na tambarare, si juu ya mchanga wa mto. Kamba ilegezwe, kwani kichwa kilichobanwa hakiwezi kutoa ushahidi. Mpigapicha asimame mahali pamoja, anase mwendo kutoka ubavuni, mbele na nyuma.

Mipaka

Video hutaja mguu, haitaji ugonjwa. Huenda pana jiwe katika ukwato, usaha, kwato zilizorefuka, au jeraha la kamba ya kufungia miguu. Ni lazima mguu uinuliwe na ukwato usafishwe, na daktari wa mifugo aitwe. Isitoshe, punda aumwaye miguu yote miwili ya mbele kwa kiasi sawa huenda asitikise kichwa hata kidogo. Hufupisha hatua tu. Hapo ulinganifu hudanganya, na kipimo chaweza kumwita mzima aliye mgonjwa mara mbili.

Hitimisho

Tumeona kwamba video haichukui nafasi ya mfugaji wala ya daktari, bali humpa kila mmoja ushahidi wa kutazamwa tena na kulinganishwa na wa mwezi uliopita. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu pia: kumfikishia mfugaji wa Mutomo au Kibwezi maarifa haya kwa lugha anayoielewa, kabla punda wake hajaanguka njiani na mitungi yake minne.