Kidari cha Kuku na Hesabu ya Mizani

Aliyepata kuchinja kuku wa kienyeji na kuku wa nyama kwa siku moja, akawanyonyoa na kuwalaza pamoja juu ya ubao wa jikoni, hatahitaji fundi wa kumweleza kuwa tafauti yao si ya ukubwa tu. Kidari cha wa kwanza ni chembamba, na mfupa wake wa kati umechomoza dhahiri. Cha wa pili kimejaa nyama pande zote mbili hata mfupa umezama, na mapaja, ingawa nayo ni mazito, hayakunenepa kwa kadiri ile ile. Walakini ndege hawa ni jinsi moja: asili yao ni kuku wa mwitu wa misitu ya Asia, na jogoo wa huku humpanda koo wa kule wakapata vifaranga wasio na ila. Kilichowatenga ni mkono wa binadamu, ambao kizazi baada ya kizazi ulichagua nani apewe ruhusa ya kuzaa na nani apelekwe chunguni.

Ustadi huo ni wa kale, na katika karne ya 18 Robert Bakewell, mfugaji wa Leicestershire nchini Uingereza, aliufanya kazi yenye kanuni kwa kupandisha kondoo wa ukoo mmoja na kukodisha madume wake bora kwa msimu. Kuku alichelewa kuingia katika hesabu hiyo. Huko Marekani, vita vya pili vya dunia vilipokwisha, nyama ya kuku kwa wafugaji wengi ilikuwa bado ziada ya biashara ya mayai. Ndipo mwaka 1946 yakaanzishwa mashindano ya kumtafuta kuku wa kesho, na fainali yake ikafanyika Delaware mwaka 1948, ambapo mayai ya wafugaji wa majimbo mengi yalitotolewa mahali pamoja, vifaranga wakalelewa kwa chakula kimoja, kisha wakahukumiwa kwa nyama zao. Mshindi alikuwa Charles Vantress wa California, aliyechanganya kuku wa mbegu ya New Hampshire na wa mbegu ya Cornish, ambayo ni mbegu ya Uingereza yenye kidari kipana, iliyotokana na majogoo wa kupiganishwa wa Asia. Msomaji wa pwani huenda akafurahi kujua kwamba kuchi, jogoo wetu mrefu wa mapigano, naye nasaba yake imeonekana kukaribiana na majogoo wa namna hiyo. Basi ni binamu wa mbali wa kuku wa nyama, ingawa kwa majivuno aliyo nayo asingekiri undugu huo.

Yaliyofuata yamepimwa vizuri sana katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ambako walihifadhiwa kuku wa nyama wa namna ya mwaka 1957 na wa mwaka 1978, pasipo kuchaguliwa tena kwa ajili ya uzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kuku hao walilelewa pamoja na kuku wa biashara wa mwaka 2005, wote kwa chakula cha aina moja. Na siku ya 56 wa mwaka 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa mwaka 1978 gramu 1,808, na wa mwaka 2005 gramu 4,202. Tafauti hiyo haikuletwa na chakula, maadamu kilikuwa kimoja, wala haikuletwa na sindano za homoni, kama wasemavyo wengi mitaani kwetu kwa yakini ambayo sijui wameitoa wapi. Ilitoka katika damu ya wazazi.

Sasa, uzito huo hujengwaje? Msuli ni mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi. Idadi ya nyuzi hizo huwekwa, kwa sehemu iliyo kubwa, kifaranga angali ndani ya yai, katika zile siku 21 za kuatamiwa. Akisha kutotolewa, haongezi nyuzi mpya za kutajika, bali zile alizozaliwa nazo hunenepa na kurefuka, zikisaidiwa na seli ndogo zilizolala pembeni mwake, ambazo huamka, hujigawa, na kuzipa viini vipya, kwa kuwa uzi ukizidi unene huhitaji viini zaidi vya kusimamia utengenezaji wa protini. Mfugaji aliyechagua kwa mizani hakuwa na habari ya nyuzi wala ya viini. Yeye alitaka uzito, na mwili ukampa kwa njia zote mbili, nyuzi nyingi zaidi na nyuzi nene zaidi.

Hapo ndipo taabu ilipojificha. Kidari cha kuku, tafauti na cha njiwa ambacho ni chekundu kwa kazi ya kuruka masafa marefu, ni karibu chote nyuzi nyeupe, zilizoumbwa kwa pigo la ghafla la mbawa na si kwa kazi ya kudumu, nazo hazina mishipa mingi ya damu. Zinenepapo, hewa safi inayoletwa na damu hulazimika kusafiri mbali zaidi kufika katikati ya uzi, na taka kutoka huko huchelewa. Baadhi ya nyuzi hufa, na pengo lake hujazwa na mafuta na nyama ya ukano. Wachinjaji wa viwandani huyaona matokeo: vidari vyenye mistari myeupe ya mafuta, na vingine vigumu kama ubao, ambavyo mpishi hawezi kuvilainisha kwa moto wala kwa ndimu. Moyo na mapafu navyo havikukua kwa kadiri ya kidari. Moyo unaosukuma damu kupita uwezo wake huchoka, maji yakajaa tumboni, na maradhi haya huwasumbua kuku zaidi katika nchi za juu, ambako hewa ni hafifu. Ilhali wafugaji wa mwambao huogopa zaidi joto la Februari na Machi, maana mwili unaokua kwa kasi hiyo huzalisha joto jingi ambalo ndege, asiyetoa jasho, hana pa kulipeleka isipokuwa kwa kuhema.

Ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue walifika kwingine kwa njia iyo hiyo ya kuchagua. Wafugaji waliwapenda fahali wenye mapaja yaliyofura, wakawapandisha wao kwa wao, na mwaka 1997 wanasayansi wakagundua kilichokuwa kikichaguliwa muda wote huo: jeni iliyoharibika. Jeni hiyo ikiwa nzima hutengeneza protini iitwayo mayostatini, ambayo kazi yake ni kuizuia misuli isizidi kiasi. Ikiharibika, kizuizi huondoka, na ndama hujaaliwa nyuzi nyingi mno tangu tumboni. Nyama yake ni nyingi na haina mafuta mengi, walakini aghalabu mama yake hawezi kumzaa ila kwa kupasuliwa.

Lakini la ajabu zaidi kwangu halimo msulini kabisa. Mwaka 1957 Paul Siegel, katika chuo cha Virginia huko Marekani, alianza kuzigawa koo mbili za kuku weupe waliotoka katika kundi moja, akichagua upande mmoja wazito na upande wa pili wepesi, kwa uzito wao wa siku ya 56 na si kwa sifa nyingine yoyote. Baada ya vizazi zaidi ya 50, uzito wa upande mmoja ulikuwa umepita ule wa upande wa pili zaidi ya mara kumi. Na ilidhihirika kwamba kilichobadilika si nyama tu, bali hamu ya kula. Kuku wazito walikula kama wasiojua kushiba, na miongoni mwa wepesi wakatokea vifaranga waliokataa chakula kilichowekwa mbele yao hata wakafa.

Hamu hiyo ndiyo mashaka ya kila siku ya wanaozalisha vifaranga wa nyama. Wazazi wa vifaranga hao wana tumbo lile lile la watoto wao, nao wakiachiwa wale watakavyo hunenepa kupita kiasi, miguu ikalemewa, mayai yakapungua, na majogoo wakashindwa kupanda. Kwa hiyo katika mashamba ya kuku wazazi chakula hupimwa tangu ujana wao, kikiwa pungufu sana ya kile ambacho wangekula, na ndege hao huishi na njaa kwa miezi ili watoto wao, ambao huuzwa wakiwa na wiki tano au sita, wale pasipo kizuizi.