Agizo la Kutohuisha: Neno la Kusemwa Mapema

Moyo wa binadamu unaposimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Ndiyo maana wahudumu wa dharura hawangoji. Hukandamiza kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, humpa mgonjwa pumzi, na ikibidi huushtua moyo kwa umeme. Tiba hii ya kuhuisha moyo ilielezwa mwaka 1960 na watafiti wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, nayo imewaokoa wengi ambao mioyo yao ilisimama ghafla. Lakini kwa mzee ambaye maradhi yamekwisha kumla mwili, mara nyingi huvunja mbavu na kurefusha sakarati bila kumrudishia afya.

Hapo ndipo lilipozaliwa agizo la kutohuisha. Ni maandishi yanayotiwa sahihi na daktari, yakieleza kwamba moyo wa mgonjwa fulani ukisimama, usishtuliwe wala kukandamizwa. Tuelewane vyema: agizo hili halisemi mgonjwa atupwe. Dawa za maumivu, maji, usafi, na mkono wa kumshika vyote huendelea kama kawaida.

Je, mambo huwaje mgonjwa anapofikishwa hospitalini hajitambui? Mwaka 2017, madaktari wa Miami, jimbo la Florida, walisimulia habari za mzee wa miaka 70 aliyeletwa akiwa amezimia, bila jamaa yeyote. Kifuani alikuwa amechanjwa maneno ya kukataa kuhuishwa, na chini yake sahihi yake. Kwanza madaktari waliamua kutoyafuata, wakamtibu, kwa hoja kwamba penye shaka mtu hachagui njia isiyo na marejeo. Wakati huohuo waliomba ushauri wa wataalamu wa maadili ya tiba, walioona kwamba matakwa ya mzee yaheshimiwe. Baadaye ilipatikana nakala ya agizo lake rasmi, ikilingana na chanjo ile. Mzee alifariki bila kuhuishwa.

Shaka yao ilikuwa na msingi. Mwaka 2012 kilichapishwa kisa cha mgonjwa wa California mwenye chanjo ya namna hiyo kifuani, ambaye alipoulizwa alisema anataka kuhuishwa. Chanjo ile aliipata kwa kushindwa katika mchezo wa karata! Kwa hiyo kanuni ya chumba cha dharura ni hii: pasipo hati inayoaminika, mgonjwa hutibiwa. Hati ikija baadaye, tiba inaweza kusimamishwa, ilhali uhai uliokwisha toka haurudi.

Na sheria ya dini yasemaje? Mwaka 1409 Hijria, Kamati ya Kudumu ya Utafiti wa Kielimu na Fatwa ya Saudia ilitoa fatwa nambari 12086. Iliruhusu kutohuisha pale madaktari watatu waaminifu na wenye ujuzi wanapokubaliana kwamba tiba hiyo haina faida, kama vile maradhi yasiyoponyeka ambayo mauti yake yamekaribia, au ubongo ulioharibika vibaya. Huku si kuua. Kumpa mgonjwa kitu cha kumharakishia mauti ni haramu. Kuacha kumkandamiza kifua pasipo na manufaa ni jambo jingine.

Tazameni tofauti iliyopo. Florida huanzia kwenye hiari ya mgonjwa, na fatwa huanzia kwenye ushahidi wa matabibu. Lakini zote mbili haziuachii uamuzi huu mzito yule jamaa mwenye sauti kubwa kuliko wenzake mlangoni mwa hospitali.

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Muuguzi anayempokea mzee wenu usiku wa manane ataanza kumtibu, na ana haki. Hawezi kuyajua mliyoambiana faraghani, wala hawezi kutegemea kauli ya mtoto mmoja huku mwingine akipiga simu kutoka Ughaibuni kusema kinyume chake.

Basi, akina mama na akina baba, mazungumzo haya yafanyike mgonjwa akiwa bado na akili timamu na nguvu za kusema. Muulizeni daktari anayemtibu: moyo ukisimama, kuhuishwa kutamfaa nini? Mshirikisheni mwanachuoni mnayemwamini. Mkifikia uamuzi, daktari auandike kwenye faili na kutia sahihi, nakala ikae nyumbani pahali panapojulikana, na watoto wote, wa karibu na wa mbali, waelezwe jambo moja. Mgonjwa akibadili nia, hati nayo ibadilishwe. Na kama tabibu anaona tiba ingali na faida, basi itolewe bila kusita, kwani kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.).

Wengi wetu huona haya kuyataja mauti mbele ya mzazi, tukidhani kwamba kuyataja ni kuyaita. Ajali ina siku yake iliyoandikwa, haisogei kwa mazungumzo. Familia iliyokwisha kusemezana haitagombana kando ya kitanda. Saa ile watoto watakuwa na nafasi ya kumlaza mzazi wao vizuri, kumlowesha midomo kwa maji, na kumtamkia shahada taratibu, kwa sauti anayoijua.