Stendi za Jeki: Tazama Meno Kabla ya Tani

Machi 2020, kampuni ya Marekani ya Harbor Freight, inayouza vifaa vya gereji kwa bei nafuu, iliwataka wateja wake warudishe stendi za jeki zaidi ya milioni 1.7 zenye nembo ya Pittsburgh. Zilikuwa za tani 3 na za tani 6. Kasoro haikuwa kwenye unene wa chuma wala kwenye tani zilizoandikwa. Vifaa vya kuzitengenezea kiwandani vilikuwa vimechakaa, na kwa sababu hiyo, katika baadhi ya stendi, meno ya nguzo hayakushikana na ulimi wake kwa kina cha kutosha. Gari likitikisika juu yake, ulimi ungeweza kuachia na nguzo ikashuka ghafla. Julai mwaka huohuo, stendi za tani 3 zilizotolewa kuwa mbadala nazo zikaitwa zirudishwe, safari hii kwa sababu ya uchomeleaji mbovu.

Stendi za jeki ni vile vyuma vya miguu mitatu au minne vinavyobeba gari baada ya jeki kuliinua. Mteja wa kwetu akiingia dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, huuliza swali moja tu: ni za tani ngapi? Si swali baya, ila ndilo lenye jibu jepesi kuliko yote.

Hebu tupige hesabu. Toyota Noah ina uzito wa tani 1.6 hivi. Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele huwa na takriban asilimia 60 ya uzito wake upande wa injini, yaani kwa Noah ni kama kilo 960. Ukiinua mbele na kuweka stendi mbili, kila moja inabeba chini ya kilo 500. Vitz, yenye uzito wa kama tani moja, inazidai stendi hizo kilo 300 kila moja. Hata Prado iliyozidi tani 2 haifikishi kilo 800 kwa stendi moja. Kwa hiyo jozi ya tani 3 inatosha kwa magari mengi ya nyumbani, alimradi usome maandishi vizuri: watengenezaji wengine huandika uwezo wa jozi nzima, wengine wa stendi moja. Mwenye Prado au Hilux namshauri achukue za tani 6, si kwa ajili ya uzito bali kwa sababu ni ndefu zaidi na miguu yake imetanuka zaidi.

Tani zikishajibiwa, ndipo ukaguzi unaanza. Stendi nyingi madukani ni za meno: unavuta nguzo juu, ulimi unadaka jino, unasikia mlio. Mlio huo usikuridhishe. Isimamishe stendi kwenye kaunta, vuta nguzo hadi katikati, kisha washa tochi ya simu umulike ndani. Ulimi uwe umeingia hadi kwenye shina la jino na kulalia upana wake wote. Ukiuona umegota kwenye ncha, au umekaa upande mmoja, irudishe. Halafu ipandishe jino moja na utazame tena, kisha jingine, hadi juu. Ni kazi ya dakika chache na muuzaji atakununia, mwache anune. Mwisho, ikandamize nguzo kwa mkono mmoja kwa uzito wako wote huku ukiugusa mkono wa kufungulia kwa kidole. Kama mguso mwepesi unatosha kuifungua, hiyo si stendi ya kulalia chini yake.

Nikiulizwa nachagua nini, jibu langu ni stendi ya pini. Hii haina ulimi wala springi. Ni bomba ndani ya bomba, lenye matundu, na pini nene inayopita pande zote mbili. Pini imeingia au haijaingia, unaona kwa macho, hata ukiwa umelala chali na grisi usoni. Hasara yake ni kwamba matundu huachana sana, kwa hiyo hupati kimo kile hasa unachokitaka. Siku hizi zipo pia za meno zilizoongezewa pini ya usalama. Hizo ni nzuri, mradi mtu aikumbuke hiyo pini, maana wengi huiacha ikining'inia kwenye mnyororo wake.

Stendi ya pini ndiyo pia anayoweza kukutengenezea fundi wa kuchomelea mtaani, kwa bei ambayo duka haliwezi kushindana nayo. Sina ugomvi na kazi hizo, nimeziona nzuri kuliko za dukani. Lakini iulizie pini. Chuma cha kawaida cha milimita 16, kikipita pande mbili za bomba, kwa hesabu ya karatasini hakikatiki kabla ya kubebeshwa zaidi ya tani 5. Kipande cha nondo ya milimita 8 kina robo tu ya eneo hilo, kwa hiyo kinabaki na robo ya nguvu, na hapo hujatia hesabuni kupinda wala kutu. Matundu nayo yatobolewe kwa drili. Yale yaliyotobolewa kwa moto huwa mapana na yenye kingo zilizochongoka, na pini hucheza ndani yake.

Kisha tazama mahali miguu inapokutana na bomba. Mchomeleo mzuri umezama ndani ya vyuma vyote viwili na mistari yake inafuatana kwa usawa. Mbaya umekaa juu juu kama uji uliomwagika kwenye sinia, una vitundu vidogo, au pembeni yake pana mfereji ambapo moto umekula chuma. Rangi nzito huficha haya yote, na ndiyo maana stendi ya mtaani nashauri uiagize bila rangi, uikague, kisha upake mwenyewe.

Chuma kizuri kikikaa pabaya bado ni hatari. Wengi wetu hatuna sakafu ya zege nyumbani. Tuna kifusi, mchanga, au vitofali vya kupanga ambavyo vingine vinacheza. Miguu myembamba ya stendi huzama polepole na mara nyingi huzama mmoja kuliko mingine, gari likaanza kuegemea upande. Weka chini yake kipande cha plaiwudi cha milimita 18 au bamba la chuma, pana kuliko msingi wa stendi. Lami nayo hulainika jua la saa nane, kwa hiyo usiiamini kwa kuwa tu ni ngumu asubuhi. Mahali penye mteremko, hata mdogo, pahame.

Tusizunguke jambo hili: mtu akikosa stendi huweka tofali. Tofali la saruji hubeba ukuta kwa sababu uzito unatandazwa juu yake. Ukingo wa chuma wa gari hulibana mahali pamoja, nalo tofali halina tabia ya kupinda kwanza likakuonya. Linapasuka tu. Mawe huteleza. Kama kweli huna stendi na kazi haingoji, magogo mazito ya mbao ngumu yaliyokatwa mraba na kupangwa kwa kupishana ni afadhali mara nyingi, kwa kuwa mbao hulalamika kabla ya kuachia. Lile tairi ulilolifungua nalo lisiegemezwe ukutani. Lilaze uvunguni, karibu na stendi, chini ya chesisi. Chochote kikiteleza, gari litaangukia tairi na rimu yake kabla ya kumfikia mtu.

Kuna kosa jingine ambalo hata mafundi hulifanya. Hendibreki ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, magurudumu yanayoshikwa yako hewani na gari linaweza kujisogeza mbele, hata likazipindua stendi. Weka vizuizi vya nguvu mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara. Nati za magurudumu zilegeze gari likiwa bado chini, maana kuvutana na wili spana gari likiwa juu ndiko kunakolitikisa.

Stendi ziweke pale kitabu cha gari kinapoelekeza: kwa gari dogo ni kwenye ukingo ulioimarishwa chini ya milango, wenye alama za kukatwa, kwa Hilux ni kwenye chesisi au ekseli ya nyuma. Sampu ya oili si mahali pake. Shusha jeki taratibu hadi uzito wote ulalie stendi, kisha lisukume gari kwa bega, mbele na pembeni, kabla hujaingia. Jeki iache ikiwa imegusa tu chini ya gari. Yenyewe peke yake haifai kumlinda mtu: gari lote limebebwa na oili iliyozuiwa na sili za mpira, na sili huchoka bila kutoa sauti.

Stendi iliyowahi kuanguka na gari, au ambayo mguu wake umepinda, hainyooshwi. Nyundo huirudishia umbo, lakini ufa unabaki kwenye mchomeleo. Usiitupe jalalani wala kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima, kwa sababu wiki ijayo itakuwa chini ya gari la mtu mwingine. Ikate nguzo kwanza kwa msumeno wa chuma.